Matonge Manne

Garsen, Jumanne, baada ya magharibi

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba shida ikiondoka, mwili nao hurudi wenyewe. Mimi niliyefundisha sayansi miaka yote nimelifanya kosa hilo hilo.

Mafuriko yalipokata barabara na mwanangu Bakari akakwama Bangale miezi miwili bila simu, chakula kilinishinda kwa hofu. Amerudi salama, hii ni wiki ya sita, nami bado nakonda. Kwa nini? Zahanati wamenipima, hawakuona sukari wala kifua kikuu. Naogopa kuna kitu kimewapita.

Leo mchana tulikula wali kwa samaki, sinia moja na wajukuu. Nikatoa mkono mapema kama kawaida, maana mzee huwaachia watoto. Hadija, mke wa Bakari, akacheka.

"Baba, hao unaowaachia wameota vitambi. Wewe umebaki ufito wa kuezekea!"

"Nimeshiba, mwanangu."

"Kwa matonge manne? Nimehesabu."

Manne? Ningeapa ni kumi. Zamani niliwaachia watoto nikiwa nimeshiba kweli, lakini sasa... Je, ni adabu, au ni ile hofu bado imo, nami naiita adabu? Sielewi. Naweza kuchora mmeng'enyo wa chakula ubaoni, lakini mkono wangu mwenyewe siwezi kuueleza.

Wiki ijayo nitarudi zahanati wanipime tena. Ila leo najiambia: mzee, kabla Hadija hajapakua cha usiku, nenda jikoni umwambie akutilie sahani yako peke yako.