Kikapu cha Neema Hakikuibwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kigoda chako nje ya jiko, na mguu umepungua kuvimba. Ile dawa ya presha unakunywa, au bado unaificha kwenye kopo la chumvi ukidhani hatujui? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ndio ulionikalisha niandike.

Barua hii inaletwa na sista mmoja wa kwetu aliyemaliza masomo yake huku Ujerumani na sasa anarudi Songea. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya nyumbani anaishika mdogo wangu Damas, na jambo lenyewe linamhusu na yeye pia. Kwa hiyo vaa miwani usome mwenyewe, polepole. Usimpe mtu akusomee kabla hujafika mwisho.

Huku baridi imekaza na jua linachomoza kama limelazimishwa. Kazi ni ile ile ya kutunza wazee: nawaogesha, nawavalisha, nawapitisha kwenye korido na vigari vyao. Yuko bibi mmoja ananiita kwa jina la binti yake aliyekufa zamani. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, siku hizi naitika tu. Nikiitika anatulia, nami namaliza kumfunga vifungo.

Sasa nikueleze habari ya duka, maana bila hiyo hutanielewa. Unajua kwamba vikapu vya ukindu mnavyosuka wewe, marehemu dada Anastasia na akina mama wengine watatu, Damas anavipeleka posta Songea mjini, nami naviuza kwenye mtandao. Ulichokuwa huelewi, na sikukulaumu, ni kwa nini mwaka mzima wa kwanza hakuna aliyenunua. Ni hivi: mtu anayetaka kikapu anaandika maneno kwenye simu yake, na mtandao unampangia maduka, moja chini ya lingine. Walio juu wanaonekana. Walio chini ni sawa na mama anayeuza nyanya nyuma ya choo cha soko. Hata kama nyanya zake ndizo nzuri kuliko zote, nani atafika huko?

Sisi tulikuwa nyuma ya choo, na kosa lilikuwa langu. Chini ya kila picha nilikuwa nimeandika kama tunavyomkaribisha mgeni kwetu: "Karibuni, ni vikapu vyetu vya nyumbani tu, si vya kujivunia, mtatuvumilia." Ayo, Mnaijeria ninayefanya naye kazi, ambaye ana duka lake la vitambaa, aliposoma alicheka mpaka akaketi sakafuni. Akaniuliza, "Kuna mtu duniani anatafuta kikapu kisicho cha kujivunia?" Ndiye aliyenifundisha. Taja kitu kwa maneno ambayo mnunuzi mwenyewe angeyatumia: cha kuwekea mkate, cha kuwekea nguo za mtoto, chenye kifuniko. Piga picha kwenye mwanga wa dirisha. Taja aliyesuka na anakotoka. Na zaidi ya yote, weka kitu kipya kila wiki, maana duka lililonyamaza linashushwa.

Nikaandika upya yote. Nikataja kijiji chetu cha Mpitimbi, nikataja ukindu na magome mnayochemshia rangi, nikataja jina la dada kwenye kila alichosuka. Tukapanda. Kufikia mavuno tulikuwa ukurasa wa kwanza, na wewe mwenyewe uliniambia kwamba dada alikuwa anaimba akisuka. Hiyo nimeishika, mama. Najua kuwa nilimfurahisha.

Kisha akafa. Sikuja kumzika, na hilo sitalirudia hapa maana tulishalilia pamoja kwenye simu.

Mlisimamisha kusuka mpaka tanga lianuliwe, kama ilivyo desturi yetu. Ilikuwa haki. Ila mtandao hauna matanga, mama. Wiki ya kwanza sikuweka kitu, ya pili sikuweka kitu. Nikawa naamka, naangalia, tumeshuka. Nachungulia wakati wa chai, tumeshuka tena. Mwisho nikawa nakunjua kurasa na kurasa bila kuona duka letu. Nilikuwa nimemzika dada kwa simu, na sasa naona kitu pekee tulichofanya pamoja kinazama. Nikapagawa. Siutetei wazimu huo, nakusimulia tu ulivyokuwa.

Nikampigia Damas. Nikamwambia aingie nyumbani kwa dada, achukue vikapu vilivyokwisha kusukwa, apige picha, kisha avitume.

Akanijibu, "Dada, vitu vya marehemu havijagawiwa. Shangazi mgawaji akituuliza, tutamjibu nini?"

Nikamwambia, "Vile ni vikapu vya duka, si urithi. Nani atagawiwa bidhaa?"

Akasema, "Haya, wewe ndiye mkubwa."

Vilikuwa saba. Aliponitumia picha, nikaona kile cha juu kina kifuniko, na kwenye ukingo wa kifuniko mistari mitatu myekundu. Damas hakujua. Mimi nilijua, mama. Dada aliniambia kwa mdomo wake akiwa tayari mgonjwa, hawezi kulala ubavu wa kushoto: "Hiki nasuka cha Neema, cha kuwekea nguo zake akienda bweni kidato cha kwanza. Mistari mitatu ni mimi, yeye na Mungu wake." Nilijua ni cha mwanawe. Nikakiweka dukani mbele ya vyote, kwa sababu vyenye kifuniko ndivyo vinavyotafutwa sana. Chini yake nikaandika jina la dada, na kwamba ndicho cha mwisho alichosuka kabla ya kufa.

Tukapanda kuliko tulivyowahi kupanda. Watu walitumiana kile kikapu kama habari. Kikanunuliwa siku ile ile.

Halafu ikaja siku ya kuanua tanga. Ulinipigia jioni ile. Ulisema kwamba shangazi alikaa kwenye mkeka, akagawa khanga, akagawa sufuria na jembe, na alipofika kwa Neema akasema, "Lete kile kikapu chenye kifuniko, mama yake alinionyesha." Kikatafutwa hadi darini. Mtoto amesimama mikono mbele, tayari kupokea. Ukaniambia, "Ni Mama Hosana tu. Nani mwingine alikuwa anaingia mle peke yake?"

Mama Hosana, jirani aliyeogesha maiti ya dada. Aliyefagia nyumba ile na kuwapikia waombolezaji siku zote zile mimi nikiwa huku nakunjua kurasa. Nilikuwa na simu sikioni. Nilipaswa kusema neno moja tu. Nikakuuliza kama mvua imeanza.

Damas naye aliinama kwenye mkusanyiko, akaendelea kuinama. Usimpige kwa maneno. Alinyamaza kwa ajili yangu, na kila akinipigia anauliza, "Umeshamwambia mama?" nami namjibu kuwa nitamwambia Jumapili. Zimepita Jumapili nyingi sana. Mwezi uliopita ndipo akaniambia kwamba Mama Hosana haji tena kwenye sala za jumuiya, kwamba zamu ya kusali ilipofika nyumbani kwake hakuna aliyekwenda, na kwamba amefunga mlango, amehamia kwa mwanawe huko Namtumbo. Alisali peke yake siku ile, Damas anasema. Aliwasha mshumaa, akatandika mikeka kwa ajili ya watu wote.

Nilimwandikia mnunuzi. Nilimweleza yote, nikamsihi anirudishie kikapu. Akanijibu kwa upole kwamba anasikitika, ila alimpa binti yake zawadi, na mtoto analala nacho kitandani. Nimesoma jibu lile mara nyingi. Sina la kumlaumu. Yuko mama aliyempa binti yake kikapu, na siye dada.

Basi ninakuomba haya, na si kwa sababu nastahili. Kwanza nenda Namtumbo, wewe mwenyewe, si Damas. Umwambie Mama Hosana kwamba mwizi ni mwanao. Pili, barua hii isomwe kwenye jumuiya, yote, bila kuruka mahali jina langu lilipo. Najua ni aibu yako kabla haijawa yangu. Tatu, Neema asiambiwe kwamba kikapu kilipotea. Aambiwe nilikiuza. Akinichukia, achukie mtu sahihi.

Nisalimie shangazi, mgawaji wetu, umwambie hakukosea kukumbuka. Msalimie Damas, mdogo wangu, apumzike sasa, mzigo nimeubeba. Wasalimie akina mama watatu wa ukindu. Neema, mtoto wa dada yangu, usimpe salamu zangu mpaka azitake mwenyewe. Na Mama Hosana, jirani yetu, mpe shikamoo yangu, na asipoiitikia usimlazimishe.

Duka nilitaka kulifunga juzi. Ayo akaniambia kwamba hata nikilifunga, ukurasa ule utaendelea kuonekana kwa muda, maana umetafutwa mno. Nikajaribu. Niliandika jina la dada tu, Anastasia wa Mpitimbi, bila neno kikapu. Tumetokea wa kwanza, mama, juu ya watu wote duniani, kama nilivyokuwa nataka. Kifuniko kinaonekana vizuri, na mistari yote mitatu. Chini yake pameandikwa: Kimeuzwa.

Ni mimi mwanao,
Restituta