Chacha Anarudi Kenyamonta

Nyamisangura, Tarime

Kwa dada yangu Bhoke, mke mwenzangu,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Na mvua huko Kenyamonta imeshuka, au bado mnaangalia mawingu tu? Ng'ombe wana majani? Sisi huku tunapumua. Unga wa yanga, huu wa mahindi ya njano, tumeuzoea, sukari tunapanga foleni duka la ushirika na kurudi mikono mitupu, na mimi bado nauza uji sokoni. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kisomo cha jioni kimenifikisha hapo, na wewe najua kisomo chenu hukukikosa. Basi isome mwenyewe. Usimpe mtoto yeyote akusomee.

Unakumbuka siku tuliyohama. Mume wetu aliuza ng'ombe wa nyumba yako, yule mwekundu wa maziwa, ili nipangishiwe chumba hapa karibu na shule yenye madirisha ya vioo na mwalimu wa kila somo. Shule yenu ilikuwa na mwalimu mmoja na paa la nyasi. Wewe ulisimama mlangoni ukasema, "Nendeni mkale chaki." Nilicheka njia nzima. Nilikuona mshamba, na sikufichi, mpaka leo nakuona hivyo. Ila chaki tumeila, dada, na imetukwama kooni.

Chacha wangu amesoma. Hakuna mtu wa kuniambia hakusoma. Walimu walikuwa wanamwita mbele awaeleze wenzake hesabu, na mtihani wa darasa la saba alitoka anacheka. Siku ya majina tulisimama uwanjani, mwalimu mkuu akawasoma waliochaguliwa kwenda sekondari, akakunja karatasi, na Chacha hakutajwa. Nilidhani amekunja mapema. Nikamfuata ofisini.

"Mama, mtoto wako amefaulu," akaniambia. "Ila nafasi zinagawanywa, na vijijini nao wapate. Hapa mjini wenye alama kama zake ni wengi."

"Angebaki Kenyamonta?"

"Kwa alama hizi? Huko angekuwa wa kwanza kuchaguliwa."

Alisema hivyo huku anatafuta kalamu yake mezani. Na huko kwenu amechaguliwa nani? Mtoto wa jirani yako, yule aliyekuwa akichungulia daftari la Chacha walipokuwa darasa moja. Mama yake mpongeze wewe, mimi mdomo wangu hautafunguka.

Sasa sikia kwa nini naandika. Kurudia darasa la saba kwa jina lako mwenyewe haikubaliwi. Mume wetu alikuja wiki iliyopita, akala, akanawa, ndipo akasema ameshaongea na mwalimu wa huko. Magige wako, Mungu amrehemu, mto ulimchukua mwaka huu akiwa darasa la sita, na mwalimu hajalifuta jina lake, mwakani linaingia la saba. Chacha atakuja kwako, atakaa kwenye benchi la Magige, atafanya mtihani kwa jina la Magige. Akichaguliwa atakwenda nalo sekondari, na kazini, na mpaka kaburini. Kwenye kila karatasi mama yake utakuwa wewe.

Nilimwuliza, "Jina la marehemu! Bhoke atavumiliaje kulisikia likiitwa uani kwake?"

"Jina lipo, mtoto yupo," akasema. "Na mura wako, kijana mwenyewe, ameshakubali. Ninyi wanawake mnalia nini?"

Kwako atasema mtoto anakuja kuchunga. Namjua, hatakuambia lingine mpaka likukute shuleni mbele za watu, ndiyo maana nakutangulia. Kijiji kizima kilizika pamoja na wewe, kwa hiyo watoto watamwita maiti. Avumilie. Lakini akija mkaguzi akauliza mama wa huyu ni nani, useme ni wewe, na umwite Magige bila sauti kukatika. Ukikataa, Chacha ndiyo basi, atazeeka na fimbo ya ng'ombe mkononi. Najua ninachokuomba ni ukatili, na nakuomba hivyo hivyo. Nina uchungu, Bhoke. Nakuonea wivu wewe uliyefiwa, kwa sababu wewe unapewa na mimi nanyang'anywa, na katika sisi wawili hakuna aliyeulizwa.

Maziwa ya kuganda hayapendi. Usimlazimishe.

Wasalimie mama mkwe na shemeji zetu wanaolala zizini kulinda ng'ombe. Msalimie na yule bibi mkunga aliyenizalisha Chacha, ila huyo usimwambie kitu.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini asubuhi hii, nikikoroga uji, nimejaribu. Nimeita "Magige!" bila kugeuka, nione kama ulimi wangu utatii. Nilitegemea atanyamaza, au atalia, nami ningepata sababu ya kumkatalia baba yake. Ameitika mara moja kutoka ndani, kwa adabu, kama alivyofundishwa na baba yake:

"Naam, mama mdogo."

Ni mimi mdogo wako,
Robhi