Sahihi mbili kwenye sanduku

Mujukuu wangu Monga,

Kwa heshima zote nakutangazia kwamba mbuzi wa bibi yako amekula kalenda, kwa hiyo barua hii haina tarehe. Sisi wengine tuko salama.

Unauliza kama wasomi wanaopingana wanaweza kufanya utafiti pamoja. Niliona wawili hapa Kolwezi, watafiti wa madini, nilipokuwa kijana wa kuandika namba kwenye masanduku ya mawe yaliyotobolewa ardhini. Tata Kayembe, mtu wa Kasai, alisema shaba chini ya ardhi inaelekea mto Lualaba. Tata Kaumba, wa hapa, alisema inarudi mlimani. Wakapatana: kila mmoja achague mahali pa kutoboa panapoweza kumwaibisha yeye mwenyewe, na sanduku lisifungwe bila sahihi zote mbili.

“Leo mawe yatakuumbua, ndugu,” Kaumba alimtania.

“Mi nimezoea, tata. Weye leta kalamu.”

Mashimo mawili hayakuamua neno. La tatu lilikuwa nusu, watu wa Kasai wakafukuzwa mkoa mzima, wakiitwa wageni. Kayembe alikuwa amezaliwa hapa hapa. Nilimbebea godoro mpaka gare ya treni. Kaumba akatufuata na sanduku la mwisho kichwani.

“Tia sahihi, tata.”

“Shimo halijafika.”

“Najua.”

Kayembe akatia, akapanda treni. Wakubwa wa kazi wakampongeza Kaumba kwamba sasa yeye ndiye mwenye haki, shaba inarudi mlimani.

“Haki gani?” akawajibu. “Shimo halijafika.” Hakutoboa tena.

Mawe tuliyamwaga. Masanduku ya mbao, bibi yako aliyafanya kuni za kusongea bukari ya unga wa mahindi.