Hamsini Zilizosomwa Kanisani

Ruring'u, Jumapili usiku

Nilidhani aibu ingekuwa kubwa zaidi.

Leo tulichangia paa la kanisa, na mweka hazina akasoma majina kwa sauti, kila jina na kiasi chake, kama ilivyo desturi. Tangu tufukuzwe Bonde la Ufa nimekuwa nikitoa elfu moja kila mchango, watu wasiseme tulirudi mikono mitupu. Ile ya mwisho niliikopa. Na bado nina deni la chama chetu cha kuweka na kukopa, la matibabu ya mke wangu Wanjiru. Nisipolipa, watakata akiba ya jirani aliyenidhamini.

Mweka hazina alisita. "Mzee Kariuki, ni hamsini ama mia tano?"

"Ni hamsini. Soma."

Mama mmoja nyuma yetu akaitazama kofia ya Wanjiru, akacheka. "Ati hamsini, na kofia yote hiyo."

Wanjiru akageuka. "Kofia ilishalipiwa. Viatu vyako je?"

Mia tisa na hamsini zilizobaki ziko kwenye kopo la majani ya chai. Kesho nazipeleka kwa chama.

Wanjiru ameniuliza kama mchango ujao ni hamsini tena. Nimemwambia ndiyo, mpaka jina langu litoke kwenye daftari la wadaiwa.