Kidung'ata wa Ukoka wa Geita

Jumatatu, 3 Machi
Nimechambua ukoka mwingine. Wadudu wamejibanza chini kabisa, jani linapokumbatia shina. Weupe, kama wamemwagiwa sembe. Vidung'ata. Masanja aliwakuta Geita, kando ya mashimo ya wachimbaji, muda mfupi kabla hajaanza kutapika damu. Ana hakika ni aina isiyo na jina bado. Sasa yeye yuko wodini, mimi mkewe niko maabara. Nachukia mgawanyo huu.

Jumatano, 5 Machi
Kumtambua lazima umvue unga wote. Unampasha moto kwenye dawa mpaka abaki ngozi tupu, unamtia rangi, unambana katikati ya vioo. Ndipo hadubini inaonyesha vinyweleo na vitundu vinavyotoa nta. Wawili wamechanika. Daktari kasema ini limechoka sana. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata mmoja safi. Vitundu vya tumboni havifanani na mchoro wowote nilionao! Nikakimbilia hospitali kumwambia. Masanja akaketi mwenyewe, bila kushikwa. Akanywa uji wote. Mama yake, aliyekuja kutoka Ushetu kumuuguza, akatoka nje kulia kwa furaha.

Jumapili, 9 Machi
Nilikosea. Mtafiti mwenzetu wa Dar kanitumia maelezo ya zamani ya kidung'ata mmoja. Vinyweleo, vitundu, kila kitu ni kilekile. Mdudu ana jina tangu zamani, nchi nyingine. Nimekaa sakafuni. Nawaza kunyamaza. Nani atajua?

Jumatatu, 10 Machi
Nilikuwa namfuta Masanja uso.
"Mbona huniangalii?" akauliza. "Si mpya, eh?"
"Si mpya. Ana jina."
Akafumba macho. Nikadhani amelala.
"Hapa nchini ameshaonekana?"
"Sijaona popote. Nadhani wewe ndiye wa kwanza."
"Basi andika hivyo. Usitie chumvi."
Akacheka kidogo. Kicheko kikamuuma.

Alhamisi, 13 Machi
Masanja amefariki alfajiri. Tunampeleka Ushetu. Siwezi kuandika.

Jumanne, 1 Aprili
Mama mkwe, ninayemwita mayu, amekuja kukaa nami nyumbani kwangu Kambarage. Leo asubuhi, baada ya kunijibu marahaba, akasema anataka kuona kazi aliyokuwa akiifanya mwanawe. Tukapanda bajaji hadi maabara. Nikaweka kioo chini ya hadubini, nikamwonyesha pa kuweka jicho. Mwanzo hakuona kitu, ukungu tu. Nikazungusha taratibu mpaka akaniambia niache.
"Kumbe ana miguu," akasema.
"Anayo, mayu. Sita."
Hakuinua kichwa. Nje mvua ilianza. Nikamsogezea kiti, akakaa, akaendelea kutazama.