Mafaili mawili ya Mama Kanyere

Jumamosi alasiri. Mvua imenyesha Katindo tangu asubuhi, sasa imekatika, na mbele ya nyumba mawe meusi yanatoa mvuke. Nimekaa mlangoni na chai ambayo imeshapoa. Nimerudi kutoka mtaa wa Murara saa mbili zilizopita na bado sijavua viatu.

Naandika ili nielewe kilichotokea. Jana nilidhani naelewa. Leo sielewi tena.

Ninafanya kazi kwenye radio ndogo hapa Goma. Kila Ijumaa saa nne asubuhi natoa kipindi cha wamama wa sokoni. Nawatembelea, nawarekodi, nakata yasiyofaa, Papa Bahati fundi wetu anatia hewani. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na moja, na wanaokuja kujifunza radio huwa wanaletwa kwangu.

Miezi miwili iliyopita kompyuta yetu ya zamani ilikufa, ikaletwa nyingine. Kila mtu ofisini alisema hii mpya ni rahisi. Na mimi nikasema ni rahisi.

Kwenye ile ya zamani nilikuwa na dosye moja, yaani folda, ndani yake dosye za miezi, basi. Kitu kilikaa pale nilipokiweka. Kwenye hii mpya kuna mahali pawili panapoitwa Bureau. Bureau, kwa lugha ya mashini yetu, ni ile sura ya kwanza unayoiona ukiwasha. Mbona ziwe mbili? Moja iko juu kwenye orodha ya kushoto, nyingine iko chini, ndani ya jina la akaunti. Naweka faili kwenye hii, nalitafuta kwenye ile, sipati kitu, naanza kujilaumu kwamba nimelifuta.

Halafu kuna Récents. Humo naona kila nilichogusa wiki hii, lakini nikitaka kujua kinaishi wapi hasa, sijui pa kubonyeza. Nikikifuta humo, kimefutika na kule kwao? Sijawahi kuthubutu. Nikiandika jina kwenye kitafutio, linarudi mara nne, kama watu wanne wamepanga foleni na kadi moja ya uchaguzi. Siku nyingine mafaili yote yanakuwa picha kubwa kubwa, siku nyingine mistari midogo, na sijui nimebonyeza nini.

Na majina! Mimi huandika majina marefu ili nisisahau. Mashini inaonyesha mwanzo, halafu vitone vitatu. Mwisho wa jina, ambako nimeandika lile la maana, hauonekani.

Papa Bahati anakaa chumba cha pili. Ni muzee mpole, angenieleza yote hayo kabla chai haijachemka. Sikumuuliza. Siku moja alinikuta nimeitumbulia macho ile orodha.

«Iko bien, mama?»

«Iko bien, papa.»

Haikuwa sawa hata kidogo. Niliona haya.

Sasa Mama Kanyere. Hilo si jina lake, na kuna wauza maharagi wengi katika mji wa Kiwanja, huko Rutshuru, kwa hiyo msihangaike kumtafuta. Wiki mbili zilizopita alikuja Goma kwa binti yake Kahambu, anayefundisha shule ya msingi na kukaa Murara. Nilimrekodi uani, yeye akichambua maharagi kwenye ungo, binti akiwa shuleni. Alinieleza vizuri sana: jinsi anavyojua maharagi ya Rutshuru kwa kuyauma, jinsi mvua inavyoweza kuharibu mzigo mzima njiani. Tukamaliza. Nikafungua daftari niandike jina lake. Kinasa sauti nilikuwa sijakizima.

Alinitazama mkono unavyoandika, akasema:

«Weye unaandikaka mbio. Miye sijue hata moja. Ku misa ninashikaka kitabu, ninafungua pale jirani amefungua, ninatikisa midomo. Watoto yangu hawajue. Bwana yangu alikufa hajue.»

Kisha akaiona taa nyekundu ya kinasa sauti.

«Ile maneno utaitosha, mama.»

«Nitaitoa.»

Niliitoa. Nataka ibaki imeandikwa mahali kwamba niliitoa. Jumatano nilikaa, nikaikata ile sehemu, nikaandika mwisho wa jina «iliyokatwa», nikahifadhi. Wapi? Hapo ndipo sina jibu.

Jana asubuhi, zikiwa zimebaki dakika kumi, nilifungua dosye ya kipindi. Nikaona mistari miwili inayofanana kabisa: Wamama Kiwanja maharagi Mama Kan, na vitone. Nikajiambia moja ni nzima, nyingine imekatwa. Ya juu itakuwa ndiyo mpya, na mpya ndiyo iliyokatwa. Nikasikiliza dakika ya kwanza, ilikuwa safi. Bila shaka ilikuwa safi, zote zinaanza sawasawa. Nikampa Papa Bahati.

Zote mbili zilikuwa nzima. Moja ilikuwa nakala ya nyingine. Ile iliyokatwa ilikuwa kwenye Bureau ya pili muda wote. Nilikuwa nachagua kati ya makosa mawili.

Nilikuwa kwenye korido nikinywa maji niliposikia kwenye spika: «Weye unaandikaka mbio.» Nilikimbia. Korido yetu ina hatua kama kumi na tano, na nilipofika mezani kwa Papa Bahati, sauti ya Mama Kanyere ilikuwa imeshafika kwa bwana yake aliyekufa. Papa Bahati akakata, akaweka muziki. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akaniambia nikae, akatafuta lile faili sahihi na kulipata upesi sana, kisha akanionyesha lilipo. Nilikuwa natikisa kichwa tu. Sikusikia hata neno moja la maelezo yake.

Nilimpigia Mama Kanyere mara tatu. Hakushika simu.

Leo nikaenda.

Kahambu ndiye aliyefungua mlango. Macho yake yalikuwa yamevimba. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi karibu na dirisha, amenipa mgongo. Hakuna aliyesema karibu. Nilibaki nimesimama na mwavuli unaodondosha maji sakafuni.

Nikaomba msamaha. Halafu, sijui kwa nini, nikaanza kueleza habari za Bureau mbili. Nilijisikia nikieleza vitone vitatu kwa mama ambaye nimemwaibisha mbele ya mji mzima, na bado sikuweza kunyamaza.

Akageuka.

«Weye unajuaka kusoma, ukakosa kusoma jina?»

«Jina ilikuwa murefu, mama. Mashini inakata mwisho.»

«Mashini inajua kukata. Weye ndiye ulikosa.»

Nilitaka kuondoka. Lakini Kahambu alikuwa amesimama kati yangu na mlango, na hakuwa ananitazama mimi.

«Mama,» akasema, «ile barua ya mwalimu. Ya wakati niko mu darasa la tano.»

«Barua gani?»

«Ile nilikuletea nikilia. Ulishika, ukaiangalia sana, ukakunja, ukaniambia enda ukule.»

Mama Kanyere akafikiri. «Eh, nakumbuka. Ile ya kuomba ufagio.»

«Ya ufagio?»

«Shule yenu ilikuwa inaombaka ufagio kila mara. Si nilikupatia ufagio kesho yake?»

Kahambu akakaa chini, sakafuni, na sketi yake nzuri ya Jumamosi. Akaanza kusema polepole, na nadhani alikuwa amesahau kwamba nipo. Ile barua ilisema amekamatwa akinakili mtihani wa jirani yake. Ilisema mzazi afike shuleni. Njia nzima alikuwa amelia akijua fimbo inamsubiri. Mama akaitazama barua, hakupandisha hata sauti, akampa chakula, na asubuhi akampa ufagio. Mtoto akaelewa kivyake: mama amesoma, mama amesamehe, na huu ufagio ndio malipizi yangu, kama padri anavyotoa kwenye kitubio. Akafagia darasa hadi mwisho wa mwaka bila kuambiwa na mtu. Hakunakili tena maisha yake yote.

«Ndiyo maana nikawa mwalimu,» akasema. «Kila mwaka ninaelezeaka watoto wangu vile mama alinirudi bila kusema hata neno.»

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mama Kanyere alikuwa amefungua mdomo.

«Uliiba?»

«Niliiba, mama.»

«Uliiba nini?»

«Hesabu.»

«Hesabu!» Akapiga magoti yake kwa mikono miwili. «Hesabu! Na miye nilikuwa nakufundisha na maharagi kila mangaribi! Hesabu ndiyo nilijua!»

Nadhani hilo lilimuuma kuliko radio. Akalirudia mara tatu. Mabega yake yakaanza kutikisika na sikuweza kujua kama anacheka au analia, na Kahambu naye vilevile, amelaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Kisha wakaanza kusema Kinande. Mimi watu wangu ni wa upande wa Bukavu, Kinande sikijui. Nilisimama pale na mwavuli wangu. Nilimsikia Kahambu akiuliza kitu, mama akijibu kwa neno moja, Kahambu akiuliza tena. Yalikuwa maswali mengi. Nafikiri alikuwa akirudia miaka yote, barua moja moja, lakini huko ni kukisia kwangu.

Hakuna aliyeniambia nikae. Hakuna aliyeniambia nitoke.

Mwishowe nikasema naenda. Mama Kanyere akafuta uso kwa kitenge, akasimama, akanifuata hadi mlangoni. Karibu yangu alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Nikamwomba msamaha tena, safari hii bila kueleza habari za mashini. Nikamwambia kwamba huwa naandika mambo yangu hapa watu wayasome, na kwamba sitaandika haya kama hataki.

«Andika. Goma yote imekwisha kusikia. Lakini jina yangu uache.»

Nikaenda hatua mbili. Akaniita.

«Siku ya ine urudi.»

Yaani Alhamisi.

«Ndiyo, mama.»

«Na ile kitu yako ya kushika sauti, uiache kwenu.»

Akafunga mlango. Sikuuliza nirudi kufanya nini.

Njia nzima kutoka Murara nimekuwa nikijaribu kupanga mambo haya na hayapangiki. Nilimfanyia ubaya, hilo liko wazi. Lakini wale wawili niliowaacha pale ndani, siwezi kusema nimewaharibia, na sithubutu kusema nimewasaidia, maana ningekuwa najitafutia msamaha kwa mlango wa nyuma. Kama Kahambu angejua siku ile kwamba mama hakusoma, angekuwa nani leo? Na Jumatatu atasimama mbele ya darasa lake, ataeleza nini sasa?

Labda Alhamisi nitagombezwa vizuri, kwa sababu leo mama hakupata nafasi. Labda atataka kitu kingine ambacho hata sikifikirii. Nimejaribu kuusoma uso wake wa mwisho, ule wa mlangoni, na sikuona kitu ninachoweza kukiapia.

Nitaenda. Nitafika mapema, na safari hii nitasubiri aseme yeye kwanza.