Taa Nyekundu ya Ayeeyo

Mdogo wangu Hodan,

Nilimdanganya Ayeeyo, bibi yetu mwenyewe, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Asalaam aleikum kutoka Garissa. Sote wazima, goti la Ayeeyo lina nafuu, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Uliniuliza kama nilifaulu kutengeneza tochi isiyomaliza betri. Nilifaulu. Niliifungua ya Ayeeyo, nikafuata njia ya umeme kutoka betri hadi swichi, nikatoa balbu na kuunga kitaa chekundu cha redio iliyokufa, pamoja na kile kipande kinachopunguza umeme. Niliiacha ikiwaka siku tatu, haikufifia.

Alasiri moja Ayeeyo akaitwa kwenda kuzalisha. Alipokuwa akijiandaa, nilimulika daftari langu la shule kwa mwanga huo mwekundu kwenye kona yenye giza. Alama zote nyekundu za mwalimu hazikuonekana. Nikafikiria damu: nayo isingeonekana.

"Ayeeyo, ngoja, balbu imelegea," nikasema, nikairudisha ya zamani.

"Wallahi, mtoto atazaliwa na kuolewa, wewe bado unafunga tochi!"

Mama aliyezalishwa usiku huo alitokwa na damu nyingi. Ayeeyo aliiona mapema, wakamkimbiza hospitali. Mama huyo na mtoto wake wote wako hai.

Nilijua kila waya wa ile tochi, ila sikuwahi kumwuliza Ayeeyo huwa anamulika nini.

Najua barua zangu unawasomea wote hapo Eldas. Hii, tafadhali, usiisome kwa sauti.

Dada yako,
Naima